Wembe wa Kambo: Je, Wafaa Kutengenezwa?

Ndugu msomaji, huenda hata nyumbani mwako kuna kitu cha zamani kilichofungwa katika kitambaa: saa isiyotembea, cherehani ya mama, au wembe wa kukunja alioacha babu. Kila mara nyumba inaposafishwa, swali ni lile lile: tukitupe, ama tukitengeneze? Swali hili laonekana dogo. Lakini ajuaye kulijibu vema kwa habari ya wembe, amekwisha kujifunza neno kubwa juu ya haki, na juu ya watu pia.

Kijana mmoja wa mtaa wetu wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, alirithi wembe wa namna hiyo. Babu yake aliununua zamani, wakati mji wetu ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, jina lililokoma mwaka 1966. Juu ya chuma paliandikwa Solingen, ndio mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu na nyembe. Mpini ulikuwa umevunjika, na bapa limejaa kutu. Mtu mmoja apendaye vitu vya kale alikuwa amemwambia: «Ukiung'arisha, nitaununua kwa bei nzuri.» Kijana akanunua karatasi ya msasa. Kwa bahati njema, kabla ya kuanza alipita kwa mzee mmoja aliyekuwa kinyozi miaka mingi.

«Kambo,» akasema, «unisaidie kuung'arisha wembe huu.»

Mzee akajibu: «Mjukuu wangu, kung'arisha ni kazi ya mwisho. Kwanza tuulize kama ni mzima.»

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru. Kijana huyu alitaka kuanza mwisho, kama tufanyavyo wengi wetu. Mzee akamrudisha mwanzo.

Basi akaufuta wembe kwa mafuta, akautazama kwenye mwanga wa dirisha kwa kioo cha kukuza. Kwanza alitazama kutu. Kutu nyekundu iliyo juu juu huondoka, na chuma cha chini ni kizima. Lakini kutu nyeusi huchimba vishimo, na vishimo vikifika kwenye makali, makali yatamong'onyoka siku ya kunolewa. Pili alitazama upana. Wembe hulazwa juu ya kinoo, mgongo na makali pamoja, na unene wa mgongo ndio uongozao makali. Mgongo ukiisha kulika sana, makali hayapati tena mwinamo wake. Tatu alitafuta rangi ya samawati. Mahali palipochomwa na moto wa mashine ya kunolea huwa na rangi hiyo, na ugumu wa chuma umepungua pale. Nne, na hili ndilo kubwa, alitafuta ufa.

Juu ya mpini uliovunjika hakusema neno. Mpini hutengenezwa upya kwa pembe au kwa mti mgumu. Pengo dogo la makali pia si kifo: fundi hunoa mpaka makali yapite pengo, na wembe wapungua upana kidogo. Tazama jinsi tunavyohukumu kinyume! Sisi twaona mpini uliovunjika, twasema, «Kitu hiki kimekwisha.» Twaona bapa linalong'aa, twasema, «Hiki ni kizima.» Kumbe si kila king'aacho ni dhahabu, wala si kila kilichochafuka ni takataka. Sisi watu wa Lubumbashi twapaswa kulijua neno hilo kuliko wengine. Kilima cheusi kilicho karibu na bomba refu la moshi kilikuwa masalio ya tanuru lililotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Kwa miaka mingi watu walikiona kuwa uchafu tu. Mwanzoni mwa karne hii tanuru jipya lilianza kuyayeyusha masalio hayo, likatoa kobalti.

Lakini katika wembe huu mzee aliona ufa, mwembamba kama unywele, uliotoka kwenye makali ukapanda hadi katikati ya bapa. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ukuta huzibwa; ufa wa wembe hauzibiki. Kila ukinolewa waendelea, na siku moja kipande kitaruka juu ya shavu la mtu, au kwenye koo lake.

Hapo ndipo jaribu lilipoingia. Kijana akasema polepole: «Kambo, ufa huu hauonekani bila kioo. Nikipiga msasa vizuri, mnunuzi hatauona kabisa. Na nyumbani twahitaji pesa za masomo ya wadogo wangu.»

Msomaji mpendwa, usimcheke. Haja yake ilikuwa ya kweli, na haja njema ndiyo ivutayo watu wengi kwenye uwongo. Lakini mzee akamwuliza: «Akiununua, akajinyolea, ukamkata, pesa hizo utawalisha nani kwa moyo mweupe? Kuficha ufa si kutengeneza. Ni kuuza jeraha la mwenzako.»

Tena akaongeza: «Hata kama ungekuwa mzima, kuutengeneza isingekuwa lazima. Kama gharama ya fundi ingechukua chakula cha watoto, ningekuambia uuache sandukuni. Kitu cha marehemu ni ukumbusho wake, siyo yeye mwenyewe. Kukiheshimu ni vema; kukitumikia ni utumwa.»

Kijana alinyamaza, kisha akasema neno lililotugusa sote tuliokuwapo. «Basi, Kambo, ndivyo wanavyosema nyumbani juu ya mjomba wangu: amekwisha kupata ufa, mwacheni.» Mjomba huyo alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioacha kazi ya Gécamines katika mpango wa mwaka 2003 na 2004. Pesa alizopewa ziliisha, akaanza kunywa, na sasa jamaa humpita kama kitu kilichotupwa.

Mzee akaweka wembe chini. «Hapana,» akasema. «Hapo mfano umekwisha. Wembe haujui ufa wake, wala hauwezi kusema, Nisamehe. Mjomba wako aweza.»

Ndugu msomaji, hilo ndilo neno nililotaka kukuletea. Chombo tunakipima kwa kazi yake: kisipofaa kazi, twaweza kukiacha bila dhambi. Mtu hapimwi hivyo, kwa sababu hakuumbwa kuwa chombo cha mtu mwingine. Mungu alimwumba kwa mfano wake, na Yezu Kristu alimwaga damu yake kwa ajili yake, akiwa na kazi ama bila kazi. Katika sakramenti ya kitubio hakuna ufa usiozibika, maadamu mtu mwenyewe ataka kuponywa. Na maadamu yu hai, nani ajuaye kama hatataka kesho?

Lakini jihadhari: huruma haifumbi macho. Anayempenda mlevi hamkabidhi pesa za nyumba na kusema hakuna ufa. Humwambia kweli, hukaa naye, humpa kazi aiwezayo, humpeleka kwa Padri na kwa mganga wa hospitali. Hiyo pia ni busara: kutazama vizuri kwanza, kisha kutenda.

Na kijana wetu? Shauri alikwisha kulipata, na hukumu pia. Lilibaki tendo la tatu, kuamuru, ambalo ndilo gumu, kwa maana wengi twajua lililo jema, lakini hatuuamuru mkono wetu kulitenda. Alimwambia mnunuzi habari ya ufa, na mnunuzi akaenda zake. Wembe umerudi katika kitambaa chake. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, kijana alikwenda kugonga mlango wa mjomba wake.

Basi nawe, kabla hujasema juu ya kitu, «Kitengenezwe,» uliza kama ni kizima. Na kabla hujasema juu ya mtu, «Amekwisha,» nyamaza kwanza, ukaende kumwona.