Majilio na Punda wa Nyumbani



Jumapili ya kwanza ya Majilio, wanaofuata Kitabu cha Sala cha zamani husoma Injili ya Mathayo, mlango wa 21, habari za Bwana wetu kuingia Yerusalemu. Wengi hushangaa, maana somo hili tumelizoea siku ya Matawi. Mbona mwaka wa Kanisa uanze na punda? Sisi twaona waliolipanga walikuwa na sababu njema. Kabla Mfalme hajaingia mjini, wanafunzi wawili walitumwa kufanya kazi ya watu wa zizini, kumfungua punda aliyefungwa pamoja na mwanawe na kuwaleta. Maandalio yenyewe yalikuwa hayo.

Hapa Mtoni wengi wetu kwetu ni Ugogo, Kongwa, Mpwapwa na Kilosa, na tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, kwenda kula Krismasi nyumbani kumekuwa kwepesi. Tunanunua sukari na vitenge, tunauliza hali ya wazee. Punda hatumwulizi.

Farasi hatunao sisi. Tunawaona wa polisi, basi. Ndorobo na ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi viliwazuia kuenea nchini mwetu. Punda huvistahimili zaidi, na hivyo akawa mbebaji wa mtu asiye na gari.

Huku pwani vuli ni nyongeza tu, masika yaja baadaye. Kule Ugogo msimu wa mvua ni mmoja, nao huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Ndipo kazi zinapomwangukia punda, na ndipo alipokonda kuliko wakati wote, kwa kuwa kiangazi kimemaliza majani, amebaki na mabua ya mtama, na maji yamekwenda mbali. Samadi itolewe zizini ifike shambani kabla ardhi haijalowa. Miiba ya boma iliyooza iondolewe, mipya iletwe. Shogi zishonwe, kwato zitazamwe. Ndugu tuliozoea kunywa maji ya Mto Kizinga, ambao mtambo wake uko hapa hapa kwetu, tukifika nyumbani tusikae barazani siku zote tukisimulia habari za Dar es Salaam. Tushike uma wa samadi.

Tena kazi hiyo ina furaha yake. Punda akishushiwa mzigo jioni hujilaza vumbini akagaagaa, miguu juu, na watoto wakacheka kana kwamba hawajapata kumwona. Mvua ya kwanza ikinyesha, harufu ya udongo huingia hata nyumbani. Usiku, kabla ya kulala, mtu humsikia akitafuna mabua gizani, polepole, na moyo ukatulia. Hayo hayanunuliwi Kariakoo.

Methali yetu yasema fadhila za punda ni mateke. Huenda. Lakini inua matandiko yake utazame mgongo. Aliyefungiwa mzigo juu ya kidonda kibichi ana neno la kusema, naye hana njia nyingine ya kulisema.

Katika Luka, mlango wa 13, Bwana alimponya siku ya sabato mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18. Mkuu wa sinagogi akakasirika. Bwana akawauliza kama hakuna kati yao amfunguaye ng'ombe au punda wake siku ya sabato na kumpeleka kunywa maji. Basi je, mwanamke huyu, binti wa Ibrahimu, asifunguliwe? Hapo tujifunze mambo mawili. Kijana anayeingia kanisani zaburi zikiwa zimekwisha kwa kuwa ametoka kisimani na mnyama, tumpishe kwenye benchi bila kumkazia macho. La pili ni zito zaidi. Bwana aliwataja punda na mwanamke pamoja, na vijijini kwetu kamba yao ni moja. Punda akiondoka, madumu ya maji humrudia mama kichwani, na binti huchelewa shule.

Nao waliondoka wengi. Kulikuwa na machinjio ya punda Dodoma na Shinyanga, ngozi zikipelekwa Uchina kuchemshwa ziwe dawa. Punda hubeba mimba kama miezi 12 na kwa kawaida huzaa mmoja tu, kwa hiyo kisu kilikwenda mbio kuliko uzazi. Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana mji wetu huu kulijadili jambo hilo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakakubali kukataza uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Lakini mnunuzi ajaye usiku hasomi maazimio. Na mara nyingine anayemwuza punda ni mwana aliye mjini, kwa simu, akimwambia mama yake kwamba atamletea mwingine.

Watakaosafiri, tunaomba mpite kwanza nyumba ya kasisi. Tunakusanya magunia ya katani, blanketi kuukuu na matambara ya pamba ya kushonea matandiko, wala yasiwe ya nailoni, kwa sababu huchubua. Yaletwe kabla ya Jumapili ya pili ya Majilio, yakiwa yamefuliwa.