Kilio kwa ajili ya Moabu

Sura ya 48 ya Yeremia ina mistari 47, na karibu yote ni kipigo. Miji ya Moabu inateketea, mavuno ya zabibu ya Sibma yanavamiwa, hata mungu wao Kemoshi anakwenda utumwani pamoja na makuhani wake. Ghafla, katikati ya ghadhabu hiyo, Mungu mwenyewe anaomboleza. Anamlilia jirani aliyemcheka Israeli! Halafu, mstari wa mwisho kabisa, anaahidi kuwarudisha mateka wa Moabu. Amoni na Elamu nao wanapata ahadi kama hiyo katika sura ya 49. Edomu haiahidiwi kurudi. Inaambiwa tu kwamba yatima wake watatunzwa, na wajane wake wamtumaini Yeye.