Mpaini, Mlingoti na Swali la Nani Ndugu wa Nani

Pale Nyololo, barabara ya Mgololo inapochepuka kutoka barabara kuu ya Iringa–Mbeya, miti inayotawala macho ni miwili: mpaini na mlingoti. Kwa watu wa Mufindi yote ni "miti" tu. Unapanda, unasubiri, unauza, unalipa ada ya mtoto. Tena yote ni ya kuja: mpaini unaopandwa zaidi asili yake Mexico, mlingoti Australia. Uliza nani ndugu wa nani, utajibiwa haraka: si hao wawili?

Wataalamu wa mimea wanakataa. Mlingoti una maua, na mbegu zake zimefungwa ndani ya tunda. Ukoo wake ni ule wa mpera wa uani na mkarafuu wa Pemba. Mpaini uko kundi la mbegu wazi, mbegu zinazokaa juu ya magamba ya koni bila tunda la kuzifunika. Ndugu yake wa hapa nyumbani ni podo wa misitu ya asili, ambaye kwa sura usingemdhania: hana majani ya sindano, na mbegu yake huambatana na nyama inayoliwa na ndege.

Sasa, wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Mwanasayansi anakubali nusu tu. Kufanana kweli hakutoshi. Tazama fumbwa, mboga ya majani inayopikwa na karanga kule Kinshasa. Ni mmea utambaao, majani yake mapana, na kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa jirani wa mimea ya maua. Kuanzia mwaka 1999 vipimo vya vinasaba vikauweka upande wa mipaini. Mboga, jamani! Lakini kwake kufaana nako si hoja. Anachouliza ni mzee gani mliyetoka kwake.

Hapo ndipo ninapobishana na wahenga. Kama undugu ni kufaana tu, podo kesi imeshamshinda. Anakua polepole, halipi ada ya mtu. Nasaba inampa dai lisilongoja faida. Mimea ya mbegu wazi iliyobaki duniani ni aina 1,000 na ushei, wakati yenye maua inakaribia 300,000. Ukoo wenye watu wachache hivyo, kila msiba unauma zaidi.

Lakini nasaba isipewe kiti cha hakimu pia. Tunaijua hatari yake kwa binadamu, sina haja ya kutaja nchi. Mpaini kuwa jamaa wa podo hakumpi haki ya kumeza msitu wa podo. Waliachana zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Na mlingoti kuwa binamu wa mpera hakuufanyi unywe maji kidogo bondeni, kwenye vinyungu vya watu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haiulizi ukoo wa mti. Mwenye shamba la bondeni, aliyepanda kwa ajili ya ada ya mwanawe, yeye anauliza jambo jingine kabisa: nikiing'oa, januari nitalipa nini?