Darubini ya Bunduki na Haki ya Mnyama

Darubini inayofungwa juu ya bunduki ya kuwindia humpa mwindaji vitu viwili. Cha kwanza ni picha safi: alama ya kulengea na mwili wa mnyama huonekana pamoja. Cha pili ni ujasiri wa kujaribu umbali ambao jicho tupu lisingeuthubutu. Fizikia ya lenzi inaeleza hicho cha kwanza. Hicho cha pili ni jambo la dhamiri, na ndicho kinacholifanya suala la kuchagua darubini kuwa zito kuliko linavyochukuliwa dukani. Swali lililo chini yake ni hili: je, uwezo wa kuona mbali ni ruhusa ya kupiga mbali?

Bunduki ya masafa ya kati, kama zile za risasi za .308 Winchester, 7x57 au .30-06, hutumika sana kati ya mita 50 na 250. Darubini ya ukuzaji mdogo ni ile ya mara 1 hadi 4, au mara 1.5 hadi 6, au ile ya zamani isiyobadilika ya mara 4. Kando yake zimo darubini za mara 12, 18 na zaidi, na wanunuzi wengi huzikimbilia kwa kuamini kwamba kikubwa ndicho bora.

Kwa swali hilo la ruhusa, dini nayo ina la kusema. Katika Uislamu uwindaji wa kutafuta chakula umeruhusiwa, lakini ruhusa hiyo imezungushiwa masharti. Aya ya 94 ya Sura Al-Maida inawazungumzia wanyama wa kuwindwa wanaoweza kufikiwa kwa mikono na mikuki, na kueleza kwamba waumini watajaribiwa kwao. Aya hiyo inahusu watu walio katika ihramu ya Hija au Umra, waliokatazwa kuwinda. Hata hivyo wazo lililomo ni pana: mtihani unakuja pale mnyama anapokuwa ndani ya uwezo wa mtu. Mtu hasifiwi kwa kumwacha mnyama asiyeweza kumfikia. Anapimwa kwa yule anayeweza. Mkuki uliufikia umbali mdogo, nao mtihani ukawa na mpaka. Lenzi imeusogeza mpaka huo mamia ya mita, na mtihani umekua pamoja nao.

Hadithi za Mtume zinaingia ndani zaidi ya jambo hili. Ipo inayoamrisha wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe na maumivu. Ipo inayokataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kuchezea. Na zipo zile alizozipokea Adi bin Hatim wa kabila la Tayy, aliyeuliza maswali ya mwindaji hasa. Alijibiwa kwamba silaha iliyopenya kwa ncha yake huhalalisha nyama, na iliyoua kwa kugonga kwa ubapa haihalalishi; na kwamba mnyama aliyepigwa kisha akakutwa amezama majini asiliwe, kwa sababu haijulikani kama ameuawa na mshale au na maji. Bunduki zilipokuja, wanazuoni walitofautiana: je, risasi ni chombo kinachopenya au kinachoponda? Wengi wa baadaye waliona kwamba inapenya. Lakini sharti la Adi lilibaki palepale: mwindaji awe na hakika ya kilichomuua mnyama, na akimkuta bado hai amchinje.

Hakika hiyo inategemea umbali. Mnyama aliyeangushwa mita 100 hufikiwa kwa dakika moja au mbili, kisu kikiwa mkononi. Aliyepigwa mita 400 ng'ambo ya bonde anaweza kuinuka, akaingia kichakani na kufia asikojulikana. Anayeijali halali ya nyama yake ana sababu ya kidini, mbali na ile ya huruma, ya kukaribia kabla ya kufyatua.

Watetezi wa lenzi kubwa wana hoja yenye uzito. Ukuzaji mkubwa, wanasema, huonyesha bega la mnyama kwa undani, hupunguza kosa la kulenga, na hivyo hupunguza majeruhi. Basi huruma yenyewe inadai lenzi kubwa. Hoja hii ni kweli kwa sehemu, nayo sehemu hiyo ni uwanja wa kulengea shabaha, ambako karatasi haitembei. Porini makosa mengi hayatokani na kutoona vizuri. Mkono unaotetemeka kwa kiasi cha sentimita 10 penye mita 100 hutetemeka kwa sentimita 30 penye mita 300. Lenzi ya mara 12 huufanya mtetemo huo uonekane mkubwa zaidi machoni bila kuuondoa. Upepo nao hauondolewi na lenzi. Risasi ya .308 iliyorekebishwa ipige palepale penye mita 200 huwa juu kwa takriban sentimita 5 penye mita 100, lakini ikifika mita 300 huwa imeshuka zaidi ya sentimita 20. Moyo na mapafu ya swalapala yamo katika eneo la takriban sentimita 15 tu.

Kisha kuna muda, na hapa hoja ya lenzi kubwa inavunjika. Risasi inayotoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 850 kwa sekunde huhitaji karibu sekunde 0.4 kufika mita 300. Mnyama anayeanza kutembea polepole, mita 1 kwa sekunde, atakuwa amesogea sentimita 40 kabla haijamfikia, na risasi iliyolengwa mapafuni itaingia tumboni. Atakufa baada ya saa nyingi. Penye mita 150 muda huo hupungua chini ya nusu, na kosa hupungua pamoja nao. Hakuna kioo kinachoweza kuurudisha nyuma muda wa risasi kuruka. Kukaribia tu ndiko kunakoweza.

Ukuzaji mdogo una faida zake pia. Kwa mara 4, mwindaji huona upana wa takriban mita 10 penye umbali wa mita 100. Kwa mara 12 huona takriban mita 3. Tofauti hiyo ina maana kubwa katika miombo ya Tanzania, ambako mnyama huonekana kidogo kati ya miti na kutoweka. Mwenye lenzi pana humwona ndama aliyesimama nyuma ya mama, humwona mnyama wa pili ambaye risasi ingempitia, na baada ya kufyatua huona aliyepigwa amekimbilia wapi. Mwenye lenzi nyembamba huona bega peke yake, kana kwamba bega hilo halina mwenyewe.

Mwanga nao una hesabu yake. Kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji hutoa upana wa mwali unaoingia jichoni: milimita 42 kwa 6 ni 7, na 7 ndiyo takriban upana wa mboni ya kijana gizani. Lenzi ya milimita 40 kwa mara 12 hutoa 3.3 tu. Alfajiri na magharibi, wanyama wanapotoka kulisha, ukuzaji mdogo ndio unaotoa picha yenye mwanga zaidi.

Mwanafalsafa wa Hispania José Ortega y Gasset, katika insha yake ya 1942 kuhusu uwindaji, alidai kwamba binadamu hubaki mwindaji kwa kujizuia kwa hiari. Akitumia uwezo wake wote, anachofanya ni maangamizi. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani imeliweka wazo la namna hiyo katika vifungu: inadai nguvu ya kutosha ya risasi, joule 1,000 penye mita 100 kwa paa wa Ulaya, na inamlazimu mwindaji kumwepusha mnyama aliyejeruhiwa na mateso yasiyo ya lazima. Wapo wanaosema hakuna kujizuia kunakotosha na kwamba uwindaji ukome kabisa. Kenya ilichagua njia hiyo mwaka 1977. Hoja hiyo ni pana kuliko lenzi, lakini anayewinda kihalali bado anadaiwa jibu lake mwenyewe kila anaponyanyua bunduki.

Kwa bunduki ya masafa ya kati, basi, darubini ya mara 1.5 hadi 6 yenye lenzi ya milimita 42, au ya mara 4 isiyobadilika, inatosha. Iwe na nafasi ya sentimita 9 au zaidi kati ya jicho na kioo, isije ikampasua mpigaji nyusi bunduki inaporudi nyuma. Porini itembezwe ikiwa kwenye ukuzaji wake wa chini kabisa. Kutambua kilicho mbele ni kazi ya darubini ya mkononi, kwa maana mwenye kutazama kwa darubini ya bunduki amekwisha kuelekeza mtutu kwa asichokijua, na huenda ni mtu. Mwindaji ambaye kwa mara 6 bado halioni bega sawasawa asiongeze lenzi: asogee, na asipoweza kusogea, amwache mnyama aende.