Mvinyo Mwekundu na Haki ya Kuhukumu

Kuuliza ni chakula gani kinafaana na mvinyo mwekundu wa Dodoma huonekana kuwa ni anasa ya watu wenye nafasi. Kwa maoni yangu, hilo ni swali la haki. Anayeuliza kitu kinafaa wapi amekubali kukisikiliza kabla ya kukihukumu.

Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari, ikaikubali nchi ile kame. Mkulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mwenzake wa Ufaransa hawezi kuliota. Zabibu nyekundu mashuhuri imepewa jina la mahali: Makutupora. Sisi wa Njombe tu watu wa baridi, chai, viazi na mianzi. Mvinyo hutufikia kwa barabara, ukipitia Makambako, pale njia ya Mbeya na ile ya Songea zinapoagana.

Ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka katika maganda na kokwa za zabibu. Ukinywewa bila chakula, hukausha ulimi kama ndizi mbichi. Ukikutana na nyama yenye mafuta, ukali wake hupungua. Kwa hiyo nyama ya nguruwe ya kuchoma inayoliwa Makambako, au mbuzi, pamoja na viazi vya Njombe, ni wenzake halali. Maharage yaliyoungwa vizuri nayo hayamo mbali. Lakini mvinyo huo huo, ikiwa ni mkavu, yaani usio na sukari, ukinywewa pamoja na keki ya harusi huonekana mchachu. Watu hukunja nyuso, wakasema vya hapa havifai. Aliyekosea ni mwenye kuandaa meza. Anayehukumiwa ni mkulima.

Wapo watakaosema kwamba mvinyo si wetu, chetu ni ulanzi. Naupenda ulanzi. Mwanzi mchanga hukatwa ncha wakati wa mvua, utomvu ukadondoka ndani ya mbeta. Ukiwa mtogwa ni mtamu, ukilala huwa mkangafu. Lakini kiazi nacho kilitoka Amerika ya Kusini, na mahindi ya ugali wetu pia yalivuka bahari. Hakuna anayekidai kiazi hati ya kusafiria. Kitu huwa chetu kwa jasho tulilokimwagia.

Wapo pia wanaoficha chupa ya Dodoma kabatini mgeni wa heshima anapobisha hodi, wakatoa ya ng'ambo. Hawa hudhani heshima imeandikwa kwenye karatasi ya chupa. Mgeni huheshimiwa kwa kufikiriwa: ana njaa gani, anakula nini, na je, anatumia kileo? Asiyetumia, awe Mwislamu au Mlokole, chai ya Njombe itamfaa kuliko mvinyo wowote, wala asilazimishwe kueleza sababu.

Hata hivyo, tusivuke mpaka wa upande wa pili. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kununua mvinyo mbaya kwa sababu tu ni wa nyumbani si uzalendo. Ni kumfanyia mwenzako huruma ambayo hakuiomba. Wakulima wa Dodoma wamewahi kuona zabibu zao zikiozea shambani kwa kukosa wanunuzi. Jeraha hilo haliponi kwa sifa za uongo. Lingepona kwa bei ya haki kwa mkulima, ukweli kwa mtengenezaji, na mnywaji aliyeonja kwa utulivu.

Basi ndugu msomaji, ukiipata chupa hiyo, iweke mezani pamoja na nyama na viazi, kwa kiasi. Onja. Ukiona ni mzuri, useme. Ukiona ni mbaya, useme pia, na useme kwa nini. Mkulima anastahili majibu yote mawili, mradi yametolewa na mtu aliyempa nafasi ya haki.