Jembe la Mzee na Fimbo ya Kapita



Tulipomzika mzee wetu mwaka 2006, huko kijijini katika Maniema, kila aliyesimama kusema alisema neno moja: alikuwa mtu wa kazi. Sisi watoto tuliitikia. Ndipo mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akauliza kwa sauti ndogo: "Mnamsifu mume wangu, ao mnasifu fimbo?"

Watu walinyamaza. Wengine walidhani ni uchungu tu wa mfiwa. Lakini swali lile tumekaa nalo mpaka leo.

Vijana hawajui kazi ya pamba. Kwa sheria ya Wabelgiji ya mwaka 1933, mwanamume mwenye nguvu kijijini aliweza kulazimishwa kazi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikawa 120. Mzee aliingia katika hesabu hiyo akiwa kijana. Kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kuchagua pamba nyeupe na ile yenye madoa, kubeba vikapu mpaka sokoni, ambako bei ilikuwa imekwisha kupangwa na mnunuzi alikuwa mmoja. Kisha kung'oa miti yake na kuichoma. Jina lililoandikwa kitabuni lilikuwa la mwanamume, lakini migongo iliyoinama ilikuwa miwili. Mama alipalilia na mtoto mgongoni. Pale kwenye kilio hakuna aliyemtaja.

Basi, kazi inayofanywa kwa hofu ni sifa ya mtu? Waisraeli walifyatua matofali mengi kule Misri, na hatujasikia mhubiri akiwasifu kwa ajili ya matofali yale. Lakini Adamu alipewa bustani ailime kabla hajakosa, kwa hiyo kazi yenyewe si laana. Mzee alibeba yote mawili katika mwili mmoja.

Maana alikuwa na mashamba mawili. La pamba lilikuwa kando ya barabara, mbele ya macho ya kapita. La pili lilikuwa nyuma ya kilima: mihogo, ndizi, na michikichi aliyoipanda mwenyewe. Huko alikwenda jioni bila kuitwa, na huko, mama alituambia, aliimba. Kando ya barabara hakuimba hata siku moja.

Liko jambo lingine, zito kwa watoto kulisema. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1960, fimbo ilibaki nyumbani kwetu. Ndugu yetu mkubwa akichelewa shambani alipigwa, na maneno ya mzee yalikuwa yale yale ya kapita: "Mvivu, simama!" Tulidhani ndiyo malezi. Na sisi tumewaita watoto wetu hivyo hivyo, wengine kwa sababu tu walitaka kupumzika baada ya masomo.

Je, kusema hivi ni kumvunjia mzee heshima? Wako ndugu waliosema ndiyo, na hatukuwachukia. Sisi tunaona kwamba kumsifu kwa yale aliyolazimishwa ni kumpa kapita nafasi ya kuhubiri kaburini pake.

Ndugu mkubwa alitaka msalabani paandikwe MTU WA KAZI. Mama alikataa. Pana jina na miaka tu. Michikichi ya nyuma ya kilima ingali inazaa, na mpaka mama alipofariki mwaka 2013, hakuna mtoto aliyefukuzwa kitandani kwenda kuikwea. Waliotaka walikwenda, nao walirudi na ngazi mabegani, wakicheka njiani.