Mwili wa Mtoto ni Amana

Ndugu zetu Waislamu,

Imekuwa desturi katika miji yetu ya pwani kumsifu mama kwa unene wa mwanawe. Mtoto akijaa mashavu, majirani husema analishwa vizuri. Na aliye mwembamba, ijapokuwa ni mzima wa afya, mamake huonekana mvivu. Twasema wazi kwamba kipimo hiki si sawa. Unene uliopita kiasi si neema. Ni mlango wa ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu.

Tutazame hapa kwetu Mtopanga. Mtoto hunywa chai ya sukari nyingi kwa mahamri. Wakati wa mapumziko hununua viazi karai na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 hivi, yaani kama vijiko vya chai 7. Kisha hukaa darasani, hukaa chuoni, na usiku hukaa na simu. Jasho limtoke saa ngapi? Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za harakati kila siku.

Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa, akatukataza israfu, katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31. Na Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Basi nani atakayesema kwamba mbio ni aibu kwa binti?

Kwa hivyo yatupasa pesa ya mapumziko inunue ndizi au embe, na maji yashike mahali pa soda. Mchicha, kunde na samaki wa kuchemsha visiwe chakula cha mgonjwa tu. Baina ya Alasiri na Magharibi watoto waachwe wacheze: wavulana mpira, wasichana waruke kamba. Na mwalimu wa chuo asimtunze aliyehifadhi sura kwa soda na peremende.

Ama mtoto aliyekwisha kunenepa, asifanyiwe mzaha wala asishindishwe njaa. Hakujipikia, wala hakujipa pesa. Lawama ni ya wakubwa. Nyumba nzima ibadili chakula chake, na baba awe wa kwanza.

Mwili wa mtoto ni amana mikononi mwetu, na kila amana ina siku ya kuulizwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikie. Amin.